Chai ya Ng'ambo ya Barabara

Mwanangu Zeyana,

Nilikupoteza mwaka wa sabini na nane, siku ya Jumatatu, baada ya sala ya Alasiri, na aliyekutoa mkononi mwangu ni mimi mwenyewe. Ulikuwa na miaka minane. Nilikupa mfuko wenye suruali mbili na kanzu mbili za mke wa daktari, nikakwambia, "Mpelekee yule Mpunjabi wa ng'ambo, umpe mkononi, urudi." Kutoka mlango wetu mpaka mlango wake ni hatua zangu arubaini na tatu, labda sitini zako wakati ule. Dakika tano zingekutosha na kubaki. Ulirudi baada ya dakika hamsini, una mstari wa maziwa juu ya mdomo, na ulipopita karibu yangu ukanukia iliki na kitu chengine nisichokijua. Nikakuuliza, "Ulikuwa wapi wewe?" Ukasema, "Nakunywa chai." Ukalisema kama mtu aliyetoka kwao.

Hiyo ndiyo khasara yangu, na leo, miaka kumi imepita, sijaizoea.

Nakuandikia Alasiri ya mwisho. Nimefunga duka siku ya kazi, jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu nilipolifungua. Wateja wawili wamegonga wakaondoka zao. Wewe uko kule, unamsaidia Bi Parvini, Mpunjabi yule yule, kufunga masanduku yake. Kesho mtapanda ndege moja, wewe na yeye na mumewe: wao mkataba wa daktari umekwisha, wanarudi kwao Lahore, na wewe serikali inakupeleka kusoma udaktari huko huko Lahore. Katika miji yote aliyoiumba Mungu! Harufu ya chai yake inafika hapa nilipokaa. Siandiki kwa hasira. Yaani hasira ninayo, lakini nimeikunja nikaiweka upande kama kitambaa cha mtu, mwenyewe akija nitampa.

Khabari za pasipoti, sweta na dawa ya tumbo zimo kwenye karatasi nyengine, ndani ya mfuko wako wa mkono. Hapa sitakwambia uvae nini wala ule nini. Soma polepole. Najua Kiswahili changu kinakuchosha ukikiona kimeandikwa, na kosa hilo pia ni langu, nitalifikia. Neno likikushinda usivuke barabara kuuliza. Huko hakuna anayelijua.

Wewe hulikumbuki birika letu. Tulipofika hapa Ibra, Omani, mwaka wa sabini na tatu ulikuwa na miaka mitatu. Nilikuja na vitu vitatu vya maana: cherehani ya mkono, sanduku la bati, na birika la bibi yako wa Unguja. Kwetu Unguja Alasiri ilikuwa haipiti bila ya chai. Bibi yako mchana kutwa alikuwa hatuulizi kitu. Alingoja tuketi mkekani, kila mtu na kikombe chake na kipande chake cha mkate wa mofa, ndipo aanze: "Haya, na wewe, huyo mwalimu wako leo kakwambiaje?" Aliyepigwa skuli alijulikana pale. Aliyeumwa na jino alijulikana pale. Dada wa jirani alipokuwa anataka kutoroka na mtu wa Pemba, alijulikana pale, akapewa kikombe cha pili akalia, hakutoroka. Hakuna aliyelazimishwa kusema, na hakuna aliyeondoka mkekani na lake moyoni.

Na hapa ndivyo nilivyoanza. Mwaka wa kwanza tulikuwa tukinywa, baba yako, mimi na wewe, chai ya maziwa ya kopo, tukizungumza Kiswahili chetu mlango wazi. Mpaka siku moja akaja Bi Shamsa, mke wa mtu mkubwa wa mtaa huu, analeta kitambaa chake cha kwanza cha kushona. Akatukuta tumekaa. Akasimama mlangoni, akacheka, akamwambia bintiye kwa Kiarabu akidhani sitoelewa: "Watazame Wazinjibari hawa. Kahawa hawana, wanakunywa maziwa kama watoto, na mazungumzo yao kama kuku wanaogombania mtama."

Nilielewa kila neno. Nikampima mabega, nikampima mikono, nikaandika, nikamwambia arudi baada ya siku nne. Alipotoka nikalichukua birika nikalifungia ndani ya sanduku la bati, na gunia juu yake. Jumatano iliyofuata nikaenda sokoni nikanunua dele la kahawa na vikombe vyake kumi na viwili. Tangu siku ile nyumbani kwangu ikawa kahawa na tende, na Kiarabu kitupu. Kiswahili nikakifanya cha kunong'ona, na cha kugombana na baba yako. Nilitaka mtu akivuka kizingiti changu asipate pa kuchekea. Nikafaulu, mwanangu. Bi Shamsa ni mteja wangu mpaka leo, na kahawa yangu anaisifu mbele za watu.

Lakini kahawa ile ni ya mgeni. Imeshapikwa tangu asubuhi, imo kwenye chupa, inamngoja mtu wa nje. Anakunywa viwili, vitatu, anatikisa kikombe kuwa basi, anaondoka. Wewe nilikufundisha kuimimina una miaka mitano: dele mkono wa kushoto, kikombe mkono wa kulia, anza na mkubwa wa watu, usijaze. Ulikuwa hodari, kila mtu akisema. Miaka mitatu ulisimama na dele mbele ya wateja wangu, na sikumbuki hata mara moja kukwambia, "Keti."

Sasa mtoto huyo anavuka barabara na mfuko wa nguo. Anamkuta mwanamke mnene amekaa juu ya kigoda mbele ya jiko, anamwonesha kigoda cha pili, anamwambia, "Baitho." Uliporudi ulikuwa unamfukuza paka uani huku unamwambia, "Baitho, baitho," mpaka nikakuuliza maana yake nini. "Keti, Mama. Maana yake keti."

Nikasema ni hamu ya mtoto, itapita. Lakini mimi mtu wa hesabu, unanijua. Asiyejua hesabu hawezi kutoa nguo saba kwenye kitambaa cha nguo sita. Nikaanza kukuhesabia. Mwaka wa kwanza ulikuwa ukienda Jumatatu na Alkhamis. Mwaka wa tatu, siku zote isipokuwa Ijumaa. Ukiondoa ile miezi miwili ya kila mwaka alipokuwa akienda kwao (na Mungu anisamehe, nilikuwa naupenda moto wa mwezi wa saba kwa ajili hiyo tu), vikombe ulivyokunywa kwake ni elfu mbili na mia mbili, na hapo nimepunguza. Mimi kwa muda huo huo nimekaa kunywa chai na wewe mara kumi na moja. Hizo nazikumbuka moja moja. Mbili kati yake ulikuwa una homa.

Ulipofika miaka kumi nilikufuata kule kwa mara ya kwanza. Nikajitia nimekwenda kupima mikono ya kanzu. Ukutani kwake palikuwa na misumari mitano, kila mmoja umetundikwa kikombe. Cha daktari. Chake yeye. Viwili vya wanawe, waliokuwa skuli ya bweni huko kwao. Na cha tano, chenye ukingo wa buluu.

"Hicho cha nani?" nikamuuliza, kwa Kiarabu chetu kile cha dukani kisichokuwa na jana wala kesho.

"Cha Zeyana."

Mimi akanipa chai kwenye gilasi. Gilasi ya wageni, zilikuwa zimepangwa sita kwenye sinia. Nikaiweka chini bila ya kuionja.

"Twende," nikakwambia.

"Mama, bado kuchemka mara ya pili."

"Nimesema twende."

Nikakushika mkono mpaka katikati ya barabara, ukaniambia, "Unamuumiza moyo Khala." Hapo ndipo niliposema: "Huyo si khala wako. Khala ni dada wa mama, na mimi sina dada. Huyo ni mteja."

"Kwani mteja hawi khala?" ukaniuliza. Na hukuuliza kwa ubishi, ulitaka kujua.

Nikakupiga marufuku wiki mbili. Siku kumi na nne ulikaa kwenye ngazi ya mlango, umekumbatia magoti, unatazama kule. Hukulia. Hukuniomba. Ungeniomba ningepata la kukukatalia. Siku ya kumi na tano nikakutuma mwenyewe upeleke vifungo vitatu, nikasema nilisahau kuvishona. Sikuwa nimesahau kitu. Nguo za watu hazitoki kwangu bila ya vifungo.

Sasa nitakwambia kitu ambacho hukijui. Siku uliyovunja ungo, ulikuwa na miaka kumi na mbili na miezi mitano, mimi nilikuwa na nguo ya bibi harusi mezani na pini sita mdomoni. Akaja Bi Parvini mlangoni, ana chupa ya chai kifuani kama mtu aliyebeba mtoto.

"Baji," akasema, maana ndivyo alivyoniita siku zote, dada mkubwa, na yeye kanizidi miaka sita. "Baji, Zeyana amekuwa mwanamke leo. Amelala kwangu, tumbo linamuuma. Anaogopa kukwambia."

"Anaogopa nini? Mimi nnauma?"

"Anasema Mama ana nguo ya Alkhamis. Hataki kukukatiza kazi."

Nikazitoa zile pini mdomoni moja moja, nikazichomeka mahali pake. Nikamwambia, "Ahsante. Mwambie aje kwao." Akaniachia chupa. "Nimezidisha shamari," akasema, "ndiyo dawa ya tumbo. Mpe ikiwa moto." Alipogeuka nikatoka uani nikaimwaga mchangani, yote. Uliporudi, rangi imekupotea, ukaniuliza, "Khala hajaleta chai?" Nikasema hajaleta.

Aliileta, Zeyana. Ukimwona kesho usimwambie kitu, lakini wewe ujue.

Miaka mitatu baadaye nikaamua kushindana naye. Usicheke. Nilifungua sanduku la bati, nikalitoa birika la bibi yako, na kutu ilikuwa imelila chini, tundu la kupita kidole. Basi nikachukua sufuria. Nikaenda kwa yule Mbulushi muuza viungo, nikamuuliza mke wa daktari hununua nini kwake.

"Bi mkubwa," akasema, "nguo yake unaishona wewe. Sasa unataka na tumbo lake?"

"Nipimie kama unavyompimia yeye, na maneno yako baki nayo."

Akanipimia shamari, iliki, tangawizi kavu, kipande cha sukari guru. "Chai hii," akasema, "mpikaji wake asiwe na haraka."

"Mimi sina haraka."

Akacheka mpaka akashika mizani yake isianguke.

Nilipika mara sita kwa siri, wewe ukiwa skuli. Nikaandika vipimo vyote nyuma ya daftari la wateja: maji vikombe viwili, maziwa viwili, majani vijiko vitatu, dakika nane. Ya saba nikakupa. Ilikuwa kama nguo iliyoshonwa kwa vipimo vya mtu mwengine: imenyooka kila mahali, na haikukai. Ukainywa yote. Ukasema, "Nzuri, Mama." Ukaosha kikombe, ukakifuta, ukakirudisha kabatini. Kisha ukasema, "Navuka mara moja, nitarudi kabla ya Magharibi."

Ungeniambia mbaya, labda tungecheka. Hiyo "nzuri" yako naijua. Ndiyo ninayowaambia wateja walioniletea kitambaa kibaya.

Na mwaka huu likaja hili la Lahore. Jawabu la masomo lilipokufikia ulikaa nalo kwenye mkoba siku kumi na moja. Nimeusoma muhuri wa posta. Siku ya kumi na mbili daktari akaja dukani kuchukua kanzu yake, uso wote umefunguka. "Mabruk, mama wa daktari!" Nikamwambia Mungu akubariki, kama mtu anayejua anachopongezwa. Nikamfungia kanzu kwenye gazeti. Alipotoka nikashona mkono wa kulia mahali pa mkono wa kushoto, nguo nzima, na mimi sijafanya kosa hilo tangu nilipokuwa najifunza.

Chuo kimekupa kitanda bwenini. Bi Parvini akasema bweni la nini, nyumba yangu ina vyumba vinne na watu wawili, akae kwangu. Nikamtegemea baba yako aseme neno. Lakini baba yako na kazi yake ya Maskati, anakuja Alkhamis anaondoka Ijumaa kama mgeni wa kahawa. Akanisikiliza, akala tende tatu, akasema, "Bi Fundi, mtoto si kitambaa, ukate pale unapotaka wewe. Mwache achague mwenyewe." Nikasema haya, achague. Hii ni wiki ya tano nakuuliza, na kila nikikuuliza unaniambia, "Tutaona, Mama." Tutaona ni anwani? Nitaandika juu ya bahasha: Zeyana, Tutaona, Lahore?

Wiki tatu zilizopita, ulipokwenda Maskati kwa ajili ya viza, nilivuka barabara peke yangu. Nilikwenda kugombana, nakwambia kweli. Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani.

"Baitho, baji," akasema. Nikakaa kwenye kigoda chako.

"Bi Parvini, mwanangu unamchukua."

Akateleka maji. Akaponda iliki kwa kitako cha gilasi, akatia, akatia shamari kwa vidole, hakupima. Yakachemka, akatia majani. Akatia maziwa yale ya ng'ombe anayoletewa kutoka mashamba ya mfereji wa falaji, akavunja sukari guru kwa mkono. Kisha akakaa. Akawa anachota kwa upawa anaimimina tena kutoka juu, anachota, anamimina. Ikipanda anainua sufuria, ikishuka anairudisha. Nikatazama saa yangu: dakika ishirini na tatu. Muda wote ule hana pa kwenda. Mkono uko kwenye upawa, na macho yako kwa mtu aliyekaa mbele yake. Na akauliza.

"Mgongo wako, baji, bado unakuuma asubuhi?"

"Nani kakwambia mgongo unaniuma?"

"Zeyana." Akachota, akamimina. "Miaka kumi mimi nampa chai, yeye ananipa khabari zako. Mama leo kakata nguo sita. Mama kasema hivi. Mama hili hapendi. Wanangu mimi niliwatia bwenini wana miaka tisa. Barua zao mistari minne, wa kwanza salamu, wa mwisho wanataka viatu. Nikimwona huyu anavuka barabara nasema, huyo anakuja, mama yake kamjaa mdomoni. Nakuonea wivu, baji. Mimi nakuonea wewe."

Mtu mwengine angesema hapo moyo wake ukapoa. Wangu haukupoa. Ulizidi kuungua. Kumbe hata maneno yangu, hata mgongo wangu, vimekwenda kunywewa chai kule, na mimi mwenyewe sipo! Nikamwambia hivyo hivyo. Akacheka, akasema, "Mlango ulikuwa wazi." Na kweli ulikuwa wazi. Hatua arubaini na tatu. Nilizihesabu kwa macho kutoka kwenye cherehani, siku baada ya siku, na nilizitembea mara mbili tu.

Nikamuuliza, "Akikaa kwako, utanirudishia?"

Akasema, "Baji, mimi nimekurudishia kila siku, kabla ya Magharibi."

Chai niliinywa. Ilikuwa tamu kuliko ninavyotaka kusema.

Kwa hiyo nisikilize, si kwa sababu mimi mjuzi, ni kwa sababu mimi nimeshakosea na ya nini ukosee na wewe palepale. Huko uendako wako akina Bi Shamsa, kila mji unao. Watakucheka Kiarabu chako, watacheka unavyokula wali, watacheka unavyocheka. Mimi nilichekwa mara moja, na kwa kicheko cha mtu mmoja nikaifunga saa nzima ya nyumba yangu ndani ya sanduku. Nikakunyima ile chai, na nikakunyima lugha iliyokuwa ikinywewa pamoja nayo. Ndiyo maana leo unanisoma kwa kidole. Nilidhani nimemshinda Bi Shamsa. Yeye hata hakumbuki kama alicheka. Nilimuuliza mwaka juzi, akaapa kwa Mungu hakusema. Ukichekwa kwa kitu unachokipenda, mwanangu, kaa nacho pale pale mpaka wachoke wao.

Kwa kazi yangu sikuombi radhi. Nilianza na cherehani moja ya mkono na mteja mmoja, leo nina tatu za umeme na wasichana wawili wa kazi, na skuli yako nzima imevaa mkono wangu. Hakuna aliyenipa hata uzi. Kosa langu ni kudhani Alasiri ni ya wateja peke yao. Na kosa jengine, labda kubwa zaidi, ni kwamba nilikaa nikahesabu badala ya kuuliza. Wivu una hesabu nzuri sana, Zeyana. Umenipa tarakimu zote, na haukunipa hata swali moja la kukuuliza unaporudi. Ningeweza kukuuliza tu, "Leo mmezungumza nini?" Ungeniambia. Wewe ulikuwa mtoto wa kusema.

Sasa nakuuliza.

Miaka mitano ya kusoma, ukitoa likizo za kuja nyumbani, ni Alasiri elfu moja na mia tano. Ukikaa bwenini, hizo ni zako na wenzako. Ukikaa kwake, ni zake. Nimeipindua hesabu hii kila upande, hakuna upande ninaopata mimi. Nimelikubali hilo. Hapana, sijalikubali, nimeliona tu, na nimeacha kulipigia kelele.

Mimi nataka bweni. Sina haja ya kukuficha, unalijua. Lakini ukichagua kwake nitanyamaza, na anwani yake nitaiandika kwenye kila bahasha kwa mkono wangu, nyumba na mtaa, bila ya kukosea herufi. Neno baya juu yake hutolisikia tena kutoka kwangu. Utasikia nikivuta pumzi, basi.

Ninachotaka ni kimoja. Ulipovunja ungo nilikuwa wa pili kujua. Lahore nilikuwa wa tatu, nyuma ya daktari. Nimemuuliza Bi Parvini juu ya hili la kukaa, akaapa na yeye hujamwambia, na namwamini, maana aliuliza kwa hamu ile ile niliyonayo mimi. Basi safari hii nafasi ya kwanza iko wazi, naitaka iwe yangu. Usimwambie yeye ukaja kunipa mimi mabaki.

Gari linaondoka kesho baada ya Alfajiri, na mimi sitongoja Alfajiri wala sitolipokea jawabu dirishani mwa gari, na yeye amekaa kiti cha mbele. Ukirudi kabla ya Magharibi utaikuta barua hii juu ya sanduku lako. Kati ya Magharibi na Isha kuna saa moja na robo: inatosha kuisoma mara mbili na kufikiri mara moja. Mimi nitakuwa jikoni, sina mteja, sina nguo mezani. Kabla muadhini hajatoa sauti ya Isha, njoo unambie kwa mdomo wako.

Bweni, au kwake?

Mama yako